Ngoma Isiyo na Sura: Maumbo ya Jometri ya Maniema ya Kusini Mbele ya Mashine za Leo

Katika vijitabu kama hiki watu huandika mara nyingi juu ya ndoa, juu ya matanga, juu ya majina na miiko. Ni vizuri. Sisi tumechagua jambo ambalo wengi wanapita pembeni yake bila kulitazama: yale maumbo ambayo wazee wetu walichonga bila kutafuta kufananisha na mtu wala mnyama. Ni mstari, duara, pembe na kimo tu. Tumelichagua kwa sababu leo kuko mashine zinazoongozwa na ordinatere ambazo zinachonga na kujenga maumbo ya namna hiyo. Vijana wetu wa Kasongo na Kabambare wamekwisha kuziona katika simu zao. Wanauliza maswali, na sisi tunaowafundisha hatuwezi kunyamaza.

Swali lililotoka darasani

Sisi tulisomea historia. Lakini kila mtu anajua hali ya shule zetu: mwalimu wa historia anajikuta anafundisha na jometri, kwa sababu mwenyewe wa jometri hayuko. Siku moja tulikuwa tunafundisha trapezi. Tulichora ubaoni, tukaandika kanuni ya eneo lake: jumlisha kitako kikubwa na kitako kidogo, zidisha kwa kimo, gawa kwa mbili. Mwanafunzi mmoja wa nyuma akainua mkono: «Mwalimu, hii trapezi inatumika wapi hapa kwetu? Si ni kitu cha Wazungu?» Darasa lote likacheka. Sisi hatukucheka, maana jibu hatukuwa nalo.

Jibu tulilipata juma lililofuata, kwenye matanga, katika kijiji kimoja kwenye njia inayotoka Kasongo kwenda Kabambare. Chini ya paa la baraza kulikuwa na ngoma ya mti, ile ambayo Wakusu na ndugu zao Watetela wanaiita lokombe. Haina ngozi. Haina uso wa mtu, haina mkono wala mguu. Ukiitazama kwa ubavu, chini ni ndefu na juu ni fupi, pande mbili zinapanda kwa kuinama. Ni trapezi kamili! Tulikuwa tumeiona tangu utoto wetu, na hatukuwahi kuiona.

Tuliomba ruhusa kwa mzee mwenye ngoma, mchongaji yeye mwenyewe, tukarudi siku nyingine na wanafunzi wanane, na rula, na kamba. Kitako cha chini kilikuwa sentimita 66, cha juu sentimita 44. Wanafunzi wakagawa: mbili kwa tatu. Tukamuuliza mzee kama alipima kwa rula. Akachukua kamba, akainyoosha chini, akaikunja mara tatu zilizo sawa, akaachilia sehemu moja. «Hivi», akasema. Hatusemi kwamba ngoma zote za Maniema ziko na kipimo hicho. Tunasema tu kwamba ile moja ilikuwa na kanuni, na kanuni ilikaa katika kamba na katika kichwa cha mzee, si katika buku.

Kazi iliyofichika ndani

Trapezi ya nje ni sehemu rahisi. Mchongaji anachagua gogo la mti mgumu, mara nyingi mti mwekundu, anaondoa kubwa kwa shoka, anasawazisha kwa tezo. Kisha anafungua juu mdomo mrefu na mwembamba, na kwa njia ya mdomo huo, kwa patasi yenye mpini mrefu, anatoa tumbo lote. Hapo macho hayasaidii tena. Anachonga mahali asipopaona. Anapiga kidogo kwa fimbo yenye mpira, anasikiliza, anapunguza tena.

Juu ya nini kazi hii yote? Kwa sababu ngoma hii lazima iwe na sauti mbili, ya juu na ya chini. Upande mmoja wa mdomo unapunguzwa zaidi kwa ndani, na huo ndio unaotoa sauti nzito. Upande wa pili unaachwa mnene, nao unatoa sauti nyembamba. Lugha za mababu wetu ziko na kupanda na kushuka kwa sauti katika kila neno, na ngoma inafuata kupanda na kushuka huko. Ndiyo maana inasema Kikusu na haisemi Kiswahili, kwa sababu Kiswahili hakina tabia hiyo. Na kwa kuwa maneno mengi yanafanana kwa sauti, mpigaji anatumia sentensi ndefu zilizozoeleka badala ya neno moja, ili msikiaji asipotee. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyeishi Yakusu karibu na Kisangani, aliliandika jambo hilo vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1949 juu ya ngoma zinazosema.

Basi umbo la lokombe si pambo. Kila pembe na kila unene uko na kazi yake. Tukumbuke hilo, maana tutalirudilia mbele.

Majirani na maumbo yao

Lokombe haiko peke yake. Wasongye, majirani zetu wa kusini-magharibi, wako na kinyago cha kifwebe ambacho uso wake wote umejaa mistari iliyochimbwa sambamba, mmoja nyuma ya mwingine, yenye rangi nyeupe, nyeusi na nyekundu. Kinyago cha kiume kina kilele kirefu juu ya kichwa. Cha kike kinakuwa laini zaidi, na cheupe zaidi. Pua ni mstari, mdomo ni kama sanduku. Mtu bado yuko ndani yake, lakini amegeuzwa kuwa jometri.

Kwa upande wa kaskazini, Warega wa Pangi walikwenda mbali zaidi. Katika Bwami, chama chao cha hekima na cha vyeo, vitu vya pembe ya ndovu, vya mfupa na vya mti vilionyeshwa kwa wanaopanda daraja mpaka daraja la juu kabisa, kindi. Uso ulipunguzwa ukawa umbo la moyo. Jicho lilipunguzwa likawa duara lenye nukta katikati. Kiwiliwili kingine ni mapembe tu, yanakwenda kulia na kushoto. Na kila kitu kilifundishwa pamoja na methali na wimbo: umbo lilikuwa mlango, methali ilikuwa nyumba. Mtu aliyeona umbo bila kusikia methali alikuwa hajaona kitu.

Mtaalamu Mmarekani Ron Eglash, katika kitabu alichotoa mwaka 1999 juu ya jometri ya Afrika, alipima chombo kimoja cha pembe ya ndovu cha Wamangbetu wa kaskazini-mashariki ya nchi yetu. Alionyesha kwamba vichwa vilivyochongwa juu yake vinafuatana kwa kanuni, kila kimoja kidogo kuliko kingine, kama miraba inayozaliwa ndani ya miraba, na kwamba pembe ya nyuzi 45 inarudi mara nyingi katika sanaa yao. Tuliposoma habari hiyo darasani, yule mwanafunzi wa trapezi alinyamaza, kisha akasema: «Kumbe walikuwa wanahesabu.» Ndiyo, walikuwa wanahesabu.

Vyombo vya kigeni si jambo jipya Kasongo

Wako watu wanaosema kwamba mashine ya ordinatere ni kitu cha ugeni na kwamba mila haigusani na ugeni. Sisi wa Kasongo hatuwezi kusema hivyo bila kujicheka. Mji wetu uliingia katika historia ya dunia katika miaka ya 1870, wakati Hamed bin Muhammad el Murjebi, ambaye wote wanamjua kwa jina la Tippu Tip, alipoufanya kiti chake cha biashara. Biashara hiyo ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watu, na hatuna sababu ya kuipamba. Wakati ule uliisha Aprili 1893, majeshi ya Dhanis yalipouchukua mji.

Lakini pamoja na mabaya yale vilifika pia vyombo. Msumeno, patasi, randa: maneno hayo ya useremala ni maneno ya Kiswahili, nayo yalisafiri pamoja na mafundi kutoka pwani. Huko pwani milango ya mbao ilichongwa kwa minyororo na mawaridi yaliyopimwa kwa kompa. Nyumba ya Tippu Tip mwenyewe, aliyekufa Zanzibar mwaka 1905, bado inasimama katika Mji Mkongwe na mlango wake wa kuchongwa. Mababu wetu walikamata chombo cha mgeni, wakakifanyisha kazi yao. Basi ugeni wa chombo hauna neno. Neno ni kujua nani yuko na kanuni, chombo kinapofika.

Mashine zenyewe zinafanyaje

Tueleze polepole, maana wengi wanazungumza juu ya mashine hizi kama uchawi. Kuko jamaa mbili.

Jamaa ya kwanza inaondoa, kama tezo. Ni mashine yenye meno ya chuma yanayozunguka, na ordinatere inayaambia yaende wapi. Ya kwanza ilionyeshwa Marekani, katika chuo cha MIT, mwaka 1952, kwa kazi ya vyuma vya viwanda. Leo ziko ndogo za kuchonga mbao katika karakana za maseremala.

Jamaa ya pili inaongeza. Mmarekani Charles Hull aliomba hati ya uvumbuzi wake mwaka 1984, akaipata mwaka 1986: taa inagandisha maji maalumu, tabaka juu ya tabaka, mpaka umbo linasimama. Nyuma yake zilikuja nyingine zinazoyeyusha uzi wa plastiki. Mwanamke mfinyanzi wa kwetu anaelewa mara moja: anaviringisha udongo kama kamba, anauzungusha, anaweka kamba nyingine juu yake, na chungu kinapanda. Mashine inafanya vilevile, isipokuwa kamba yake ni nyembamba sana, mara nyingi sehemu mbili za kumi za milimita. Mwaka 2005 Mwingereza Adrian Bowyer, wa chuo kikuu cha Bath, alianza mpango wa mashine inayoweza kutengeneza sehemu zake nyingine yenyewe, na alitoa michoro yake bure kwa watu wote. Tangu hapo bei zilishuka. Leo iko midogo inayouzwa kwa dola mia mbili au tatu za Marekani.

Mashine inajuaje umbo? Kwa namba. Kila nukta ya umbo inapewa namba tatu: kulia au kushoto, mbele au nyuma, juu au chini. Ni ile hesabu ya Mfaransa Descartes ya mwaka 1637, ambayo tunaifundisha ubaoni kila mwaka. Umbo lote linakuwa daftari la namba. Daftari hilo linaweza kwenda Amsterdam au New York kwa dakika moja, na huko mashine nyingine inatoa umbo lilelile.

Wasanii wa mbali wametumia nguvu hiyo kwa maumbo ambayo hayafanani na kitu cho chote cha duniani. Wamarekani George Hart na Bathsheba Grossman wamejulikana kwa sanamu za hesabu tupu: matufe yaliyo ndani ya matufe, utepe unaojizungusha bila mwanzo wala mwisho, vitu ambavyo mkono na patasi visingeweza kuvifikia kwa ndani. Huko wanasifiwa kwa kuleta sanaa isiyo na sura. Sisi tunasoma, tunaangalia ile lokombe ya matangani, tunatabasamu kidogo.

Habari ya Lusanga

Je, mashine hizo zimekwisha kugusa sanamu za Kongo? Ndiyo. Mfano unaojulikana zaidi uko Lusanga, katika jimbo la Kwilu, mahali palipoitwa zamani Leverville, kwa sababu Mwingereza William Lever alipata ardhi nyingi za michikichi huko kuanzia mwaka 1911. Mwaka 2014 wafanyakazi wa mashamba na wasanii walianzisha chama chao, kinachojulikana kwa herufi CATPC, pamoja na mtunza mazingira René Ngongo. Msanii Mholanzi Renzo Martens alikuwa pamoja nao.

Kazi yao ilikwenda hivi. Wasanii walifinyanga sanamu kwa udongo wa mto. Udongo haukusafiri. Umbo lilisomwa na skana, daftari la namba likatumwa Amsterdam, mashine ikatoa nakala, nakala ikafanyiwa kalibu, na ndani ya kalibu wakamimina chokoleti. Kakao na mafuta ya mawese, vitu vilevile ambavyo watu wa mashamba wanatoa kwa jasho na faida inabaki kwa wengine! Mwaka 2017 sanamu hizo zilionyeshwa New York, na mwaka 2024 chama kilionyesha katika jumba la Uholanzi huko Venice. Kwa mapato wamenunua tena ardhi, na wanaipanda.

Tunaheshimu kazi hiyo. Lakini tuangalie pia sehemu ya pili ya habari yao. Iko sanamu ya mti ya Wapende, inayomwonyesha Maximilien Balot, mtumishi wa serikali ya Wabeleji aliyeuawa mwaka 1931 wakati wa maasi ya Wapende. Sanamu hiyo ni mali ya makumbusho ya Virginia, huko Richmond, Marekani. Chama kiliiomba kwa miaka, na mwaka 2024 ilifika Lusanga kwa mkopo, kwa miezi michache tu. Umbo la udongo liliweza kusafiri katika waya kwa dakika moja. Sanamu yenyewe ya mababu ilihitaji miaka kurudi kuwaamkia watoto wake, kisha ikaondoka tena.

Na sisi wa Maniema hatuko nje ya habari hiyo. Bwami ilikatazwa na serikali ya Wabeleji mwaka 1948, na vitu vyake vingi viko katika makumbusho na katika nyumba za matajiri huko Ulaya na Marekani. Februari 2022 Ubeleji ulitoa kwa serikali yetu orodha ya vitu karibu 84.000 vya Kongo vilivyoko katika makumbusho ya Tervuren. Ni vizuri kuwa na orodha. Lakini orodha haipigi ngoma.

«Na tumbo lake?»

Sasa turudi kwa mzee wetu. Vita vya 1996, na vile vya 1998 mpaka 2003, vilipita katika vijiji vya Kasongo na Kabambare kwa nguvu. Watu walikimbilia porini na watoto mgongoni. Ngoma ya gogo la mti mwekundu haibebwi kichwani. Nyingine ziliachwa kwenye mvua, nyingine ziliishia jikoni kuwa kuni. Ile ya mzee ilipona kwa sababu aliizika chini ya majani. Alipokufa ndugu yake aliyekuwa anachonga naye, yeye akabaki peke yake katika kijiji chake anayejua kazi ya tumbo.

Kijana mmoja, mwanafunzi wetu wa zamani, alirudi likizo kutoka chuo kikuu na simu yenye programu ya kukamata maumbo. Tulimpeleka kwa mzee. Alizunguka ngoma polepole, akipiga picha baada ya picha, na mwishoni ngoma ikaonekana ndani ya simu, inageuka kila upande. Watu wa kijiji walishangaa. Watoto walitaka kuigusa kwenye kioo. Mzee aliangalia muda mrefu, akatikisa kichwa kwa furaha, kisha akauliza:

«Mjukuu wangu, na tumbo lake? Umekamata tumbo lake?»

Kijana akanyamaza. Simu ilikuwa imekamata ngozi ya nje tu. Mashine ikitoa nakala ya ile picha, itatoa trapezi nzuri ya kuweka mezani, bubu kama jiwe. Tunajua kwamba makumbusho mengine yametumia mashine za hospitali kuona ndani ya sanamu. Sisi mashine ya namna hiyo hatuna. Tulikuwa na waya wa chuma.

Tuliukunja waya kama ndoana, tukauingiza kwa mdomo wa ngoma, na kwa kila shubiri tukapima unene, mzee akituonyesha mahali pa kupima. Wanafunzi waliandika. Upande wa sauti nzito ulikuwa karibu milimita 15 katikati. Upande wa sauti nyembamba karibu 24. Siku mbili tulipima. Kijana akaingiza namba zote katika ordinatere yake, na kwa mara ya kwanza ngoma ile ikawa na tumbo kwenye kioo.

Je, hapo tulikuwa tumemaliza? Hapana. Mjukuu wa mzee alichonga ngoma ndogo kwa kufuata namba zetu, nusu ya ukubwa, kwa mti mwepesi uliopatikana karibu. Umbo lilikuwa sawasawa. Alipoipiga, pande zote mbili zilisema sauti karibu moja. Wanafunzi walihuzunika. Mzee akacheka: «Namba zenu ni za mti mwekundu. Huu si mti ule.» Akakamata patasi, akawa anatoa kidogo na kupiga, anatoa kidogo na kupiga, karibu saa nzima, mpaka sauti zikaachana. Tuliandika na hilo pia: baada ya namba, sikio.

Ubishi wetu

Habari ikaenea. Mtu mmoja wa biashara kutoka mji mwingine akamfuata kijana, akitaka kununua ile faili. Alisema kuko watu wa mbali wanaopenda maumbo ya namna hiyo na watayatoa kwa mashine kwa wingi. Familia ya mzee ilikaa mara tatu. Wengine walisema: tuuze, watoto wanafukuzwa shule kwa kukosa minervali, na ngoma yenyewe inabaki hapa, hatupotezi kitu. Wengine walisema: tukiuza, kesho mjukuu wetu akichonga ngoma, ataambiwa kwamba anaiga ya mtu mwingine. Pande zote mbili zilikuwa na haki, na sisi hatukuweza kusema kwamba mtu anayetaka kulipia mtoto shule ni msaliti wa mila.

Mwishoni familia ilikataa. Faili iko mahali pawili, kwa familia na kwenye shule, na haitoki bila wao kukubali. Lakini tuseme ukweli wote: mbele ya mkutano wa kwanza, kijana alikuwa amekwisha kutuma picha ya nje kwa rafiki yake, bila ubaya, kwa furaha tu ya kuonyesha. Hiyo hatuwezi kuirudisha. Imekwenda. Kwa bahati, kilichokwenda ni ngozi ya nje. Tumbo lilibaki kwa mzee.

Hapo ndipo tulipoelewa jambo ambalo tungependa msomaji alibebe. Mashine haiibi mila kwa kuwa ni mashine. Inakamata kile inachopewa. Ukiipa ngozi, inatoa ngozi. Sisi tukiwa tumesahau tumbo, yaani kipimo, aina ya mti, sauti, methali inayofundishwa pamoja na umbo, basi hata tukipewa mashine mia moja, zitatuchongea vitu bubu. Na siku nyingine tutanunua kwa wengine maumbo ya mababu wetu wenyewe, bila kujua kwamba yaliwahi kusema. Lakini kijana anayejua kamba iliyokunjwa mara tatu anaweza kuingia katika karakana yo yote ya dunia bila kuona haya. Chombo kitakuwa kipya kwake; jometri haitakuwa mpya.

Ombi letu kwa wasomaji

Hatuombi mashine. Umeme wenyewe hapa kwetu ni wa kutafuta, kwa sola au kwa jenereta. Tunaomba kazi inayowezekana kesho asubuhi, kwa daftari na kalamu.

Wewe uliye na ngoma ya mti, kinyago, kiti au mlango wa kuchongwa nyumbani, kwanza uliza wazee kama ruhusa iko, maana viko vitu visivyopimwa mbele ya kila mtu. Ruhusa ikiwepo, pima urefu wa chini na wa juu, kimo, na upana. Pima unene wa ndani kwa waya, kila shubiri moja, pande zote mbili. Andika jina la mti katika lugha yako. Andika mchongaji alitumia kipimo gani: kamba, kiganja au ufito. Kama kitu kinapigwa, andika sauti ziko ngapi na ni upande gani unaosema nzito. Kama kuko methali au wimbo unaokwenda nacho, andika ni nani anayeruhusiwa kuusema. Daftari moja libaki nyumbani, la pili lipelekwe shule iliyo karibu.

Darasani tunaendelea kufundisha trapezi, lakini siku hizi tunaanza na kamba, na kanuni ya ubaoni inafuata nyuma. Mzee bado yuko, ijapokuwa macho yameanza kumkataa. Anasema kwa kazi ya tumbo macho si lazima. Wanafunzi watatu wamekubali kukaa naye wakati wa likizo kubwa. Wamekwisha kupata gogo la mti mwekundu, na linakauka kivulini.